Chai Niliyoiruka Kabla ya Safari ya Harar

Wanangu mnaofanya kazi ya safari siku hizi, na ninyi wengine mnaojipangia likizo wenyewe kwa kubonyeza simu, acheni nianze na viatu. Mtu akikwambia anataka kwenda Ethiopia kuona makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, mtazame miguuni kabla hujamwuliza ana pesa ngapi. Kule kila mlango ni wa kuvua viatu. Niliwahi kumpeleka mwalimu mmoja aliyenunua mabuti mapya ya kamba ndefu kwa ajili ya safari hiyo. Kufikia saa sita mchana wenzake walikuwa wameona makanisa sita, yeye ameona matatu na kamba zake. Siku ya pili alitoka na malapa ya bafuni, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu nusu ya kundi walikuwa wanayatamani.

Naitwa Mama Mutuku. Kwetu ni upande wa Mwingi. Nilikuja Garissa nikiwa bibi arusi wa mwalimu aliyepangiwa kazi huku, na nyumbani kila mtu alinionea huruma kwa sababu ya joto. Mume wangu alihamishwa mara mbili akarudishwa mara mbili. Mimi sikuhama. Nilikuwa nimeshapata kazi kwa Mzee Gedi, mwenye ofisi ndogo ya safari karibu na soko, na nilikikalia kiti kile mpaka magoti yakakataa. Nimestaafu sasa, na mjukuu wangu anaandika haya huku akinirekebisha mpaka nimemwambia anyamaze.

Kazi yetu kubwa ilikuwa watu wa Umra, wafanyabiashara wa mifugo na wagonjwa wanaokwenda kutibiwa nje. Halafu walimu na wauguzi wakaanza kuja na ombi jipya. Walitaka kwenda kutembea tu, waone nchi yenye historia, na hawakuwa na pesa za kuchezea. Wengi walitamani Misri au Uturuki kwa sababu walikuwa wamezisikia. Mimi nilikuwa nawaelekeza jirani. Mwenye pasipoti ya Kenya anaingia Ethiopia bila viza, chakula ni cha bei ya mwalimu, na historia iko mpaka unaikanyaga.

Nawapa machache niliyoyalipia kwa makosa. Kinachokula pesa ya msafiri ni haraka. Anayetaka miji mitano kwa wiki moja anatumia pesa yake kwenye magari na ndege, na akirudi anakumbuka viti. Chagua miji miwili, kaa. Ukiingia nchini humo kwa ndege ya kwao, uliza nauli za ndani, kwa sababu mara nyingi wanampunguzia aliyekuja nao, na wala hawatakwambia usipouliza. Nenda mapema Desemba, shule zimefungwa kwetu, na kwao Krismasi haijafika, maana ya kwao ni Januari, na ikifika vyumba vinapanda bei na kujaa. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa kule hawali nyama, kwa hiyo usimwahidi mtu wa Machakos nyama choma siku hizo kama nilivyofanya mimi. Alinikasirikia mpaka Jumamosi.

Kalenda yao iko nyuma yetu miaka saba, minane. Risiti ya kwanza niliyotumiwa na hoteli ya kule ilikuwa na tarehe ya zamani kiasi kwamba nilipiga simu nikiwa tayari kwa vita, nikidhani wamenitumia karatasi ya mteja mwingine. Dada wa hoteli alicheka mpaka na mimi nikacheka. Lakini saa zao ni kama zetu, jua likichomoza wanaanza kuhesabu moja. Nimeona Wazungu wakiachwa na basi kwa sababu hiyo. Ninyi hamtaachwa, ilimradi msijifanye Wazungu.

Hayo mtayapata hata kwenye simu. Ninalotaka kuwaambia halimo humo, na mimi mwenyewe nililipata kwa njia mbaya.

Mzee Gedi alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu za hina, na hakuwa anaandika kitu chochote kabla ya chai. Mteja anaingia anahema, anataka tiketi ya kesho, na Mzee anamwonyesha kiti. "Shaah kwanza." Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yenye iliki nyingi, na ilikuwa inaletwa na mama wa kibanda cha pili kwenye chupa nyekundu. Wakishaketi, Mzee anaanza maswali yake. Umezaliwa wapi. Mama yako yuko hai. Kwenye ukame ule mkubwa mlikaa upande gani, mkala nini. Nani aliwapokea. Nusu saa nzima inapita, na mimi niko pale na kalamu, foleni inafika mlangoni.

Siku moja nilimwambia tunapoteza wateja kwa umbea. Hakukasirika.

"Mama Mutuku," akasema, na p mdomoni mwake ilikuwa b kama kwa Wasomali wengi, "tiketi tunanunua na dakika tano. Lakini mtu hii, kama mimi simjui, nambeleka wabi?"

Niliona ni maneno ya mzee asiyependa kompyuta. Nilikuwa bado kijana kidogo, na nilikuwa na haraka ya mtu anayejua kutumia mashine ambayo bosi wake haijui.

Kisha Mzee akaenda Nairobi kufanyiwa upasuaji wa nyonga, akaniachia ofisi kwa miezi mitatu. Katika miezi hiyo nilipanga safari ambayo nilikuwa nimeiota. Ilikuwa safari ya watu kumi, siku tisa, kwenda Harar. Mnaoijua Harar mnajua. Ni mji wa Waislamu mashariki mwa Ethiopia, umezungushiwa ukuta wa mawe, una milango yake na vichochoro vyake, na misikiti midogo iliyojibana katikati ya nyumba. Wanafunzi walitoka mbali kwenda kusoma huko tangu zamani, hata kutoka upande wetu. Nilipata walimu wanane haraka. Zilibaki nafasi mbili.

Mama Sahra akaingia na binti yake. Sote tulikuwa tunamjua Mama Sahra, aliuza maziwa sokoni miaka yote na hakuwahi kutia maji. Sasa alikuwa ameacha kuuza kwa sababu ya macho. Ilikuwa presha ya macho, na alikuwa amechelewa kuigundua. Daktari alimweleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kinakwenda, pengine mwaka, pengine chini ya hapo. Alikuwa anaona mbele tu, pembeni kumefungwa. Sahra, binti wa miaka ishirini na moja, alimwongoza kwa kiwiko bila kufanya ionekane kwamba anamwongoza.

"Baba yangu alisoma Kurani Harar akiwa kijana," Mama Sahra aliniambia. "Alitembea na miguu mbaka huko. Alirudi na hadithi moja tu, Harar. Asubuhi Harar, jioni Harar. Mimi nataka kuona na macho hii, kabla haijafunga."

Ndiyo safari niliyokuwa nimeitafuta tangu nianze kazi. Nauli ya ndege ilikuwa imeshushwa na ofa ilikuwa inakwisha jioni ile ile, na tiketi zake zilikuwa za aina isiyorudishwa. Pasipoti ya Mama Sahra ilikuwepo, alikuwa ameitumia kwenda Umra. Sahra hakuwa na pasipoti wala kitambulisho, alikuwa na ile karatasi tu ya kuonyesha kwamba ameomba kitambulisho na anangoja.

"Hiyo ni kawaida, anti," Sahra alisema. "Garissa kila mtu anangoja."

Ni kweli, kila mtu anangoja. Nilisoma jina, nikasoma mwaka wa kuzaliwa, nikamrudishia. Tarehe ya karatasi ilikuwa pale pale chini ya kidole changu, ya miaka mitatu nyuma, na sikuitazama. Nilihesabu kwamba tuna miezi miwili na nusu, kitambulisho kitatoka, tutaharakisha pasipoti, na tutafika.

Mama Sahra aliketi, akageuza uso huku na huku akitafuta. "Leo hakuna shaah?"

"Leo tunakimbizana na bei, mama," nikamwambia. "Chai tutakunywa mkirudi."

Nikabonyeza. Tiketi mbili, majina mawili. Nilijisifu moyoni kwamba nimewapatia bei ambayo hakuna mtu Garissa angeipata.

Wiki zikapita bila kitambulisho. Zilipobaki wiki tano nikafunga ofisi asubuhi moja nikaenda nao mwenyewe kuuliza, kwa sababu nilikuwa nawajua watu wa ofisi nyingi mjini na nilijua kubembeleza. Karani tuliyemkuta alikuwa kijana wa bara, mpole. Alichukua karatasi, akaandika namba, akamwomba Sahra aweke vidole kwenye mashine. Akangoja. Kisha akaitazama skrini, akamtazama Sahra, akairudia skrini.

"Dada, umewahi kuishi kambini, kwa wakimbizi?" akamwuliza.

"Hapana. Sisi ni wa hapa."

Yule kijana akafikiri, kisha akageuza skrini kidogo ili tuone. Kulikuwa na picha ya msichana mdogo, ana kama miaka saba, kitambaa kimemshuka kwenye paji la uso, macho makubwa yanayotazama kamera kwa mashaka. Jina chini ya picha lilikuwa jingine kabisa.

Nataka mwelewe jambo hili. Sahra hakuwa na picha hata moja ya utoto wake. Nani angempiga picha mtoto wa wafugaji mwaka wa njaa? Akasogea karibu na skrini, akatabasamu, na kabla hajafikiri akasema kwa furaha, "Huyo ni mimi."

Karani akainamisha kichwa. Nyuma yetu watu wa foleni walikuwa wamesogea kusikiliza. Mama yake, ambaye hakuweza kuiona skrini, alikuwa ameshaelewa kila kitu, na aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza.

Tulitoka nje tukaketi kwenye benchi la saruji kando ya ukuta. Hapo ndipo alipotueleza, na alieleza akinitazama mimi kwa sababu hakuweza kumtazama binti yake.

"Mbuzi zote zilikufa. Ngamia zikafuata. Tulikuwa karibu na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Watu ya kambi wanabewa unga na mafuta, na sisi wenye nchi tunaangalia tu. Mimi nilikuwa na kitambulisho ya Kenya, nikaogoba kujiandikisha. Lakini mtoto hana karatasi. Kulikuwa na mama mmoja mkimbizi, jirani, mtu mzuri wallahi. Akaniambia, nibatie huyu, nitasema ni yangu, utabata unga yake. Nikambeleka. Wakasema aweke kidole kwa ile mashine, akalia, alikuwa anaogoba ile taa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kama shangazi. Nikamshika mkono, nikamwekea kidole mimi mwenyewe."

Akapumua. "Halafu tukala ile unga. Yeye alikula, na mimi nilikula."

"Na tukaishi, hooyo," Sahra akasema. Hooyo ni mama kwa Kisomali.

Tangu siku ile, kwa mashine zote za serikali, Sahra alikuwa mkimbizi mwenye jina la mtoto wa mwanamke mwingine, na mkimbizi haombi kitambulisho cha Kenya. Makosa kama hayo yamefanywa na familia nyingi kaskazini huku, na waliofanya walikuwa na njaa. Bara ukisema habari hii watu wanakutazama hivi hivi. Wanauliza kwa nini mtu wa Kenya ajifanye mkimbizi. Siwajibu siku hizi. Nawauliza kama wamewahi kumnyima mtoto chakula.

Kesho yake walikuja ofisini wote wawili, na waligombana mbele ya meza yangu. Mimi nilikuwa nimekesha nikipanga. Nilimwambia Mama Sahra kwamba mimi ndiye kiongozi wa kundi, nitakuwa naye kila hatua, nitalala chumba kimoja naye, nitamshika mkono kwenye kila ngazi. Tiketi yake ilikuwa hai. Angeweza kwenda.

"Nenda, hooyo," Sahra akamwambia. "Macho ni yako. Mimi nitaona siku nyingine."

"Macho ni yangu na kosa ni yangu."

"Mimi sikulaumu. Nimekwambia jana, nimekwambia usiku, nakwambia sasa."

"Najua. Ungenilaumu ningeenda." Mama Sahra akakunja kitambaa chake mapajani, akakikunja tena. "Mimi nilikuweka mlangoni, nikafunga. Sasa nitoke mimi kwenda kutembea, nikaangalie ukuta ya Harar, na wewe uko ndani? Siwezi, Sahra. Hata nikiona, sitaona kitu."

Sahra akageukia dirisha. Nilimwona akijifuta uso kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Nilijaribu tena, nikasema daktari alivyosema, nikataja miezi. Mama Sahra akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasimama na kunyoosha kiwiko, na binti yake akakishika.

Pesa zao niliwarudishia mimi mwenyewe, na hilo ni dogo. Lililonitesa ni kwamba nilianza kuyakumbuka maswali ya Mzee Gedi. Mlikaa upande gani. Mkala nini. Nani aliwapokea.

Mzee aliporudi na mkongojo wake nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule. Hakunikaripia. Alikwenda mwenyewe kuleta ile chupa nyekundu, akanimiminia chai mimi mkosaji, akaketi.

"Ulifikiri ile maswali ni ya nini?" akaniuliza.

"Nilifikiri ni mazungumzo."

"Habana. Huku kwetu, Mama Mutuku, ukame ndio inaandika watu. Huyu ameandikwa kambi, huyu ameandikwa na jina ya shangazi, huyu hajaandikwa kabisa. Na hakuna mtu atakwambia hiyo akisimama. Lazima akae. Lazima ashike kikombe. Nikishajua, nambeleka kwa wakili kwanza. Tiketi baadaye, hata kama ni miaka mbili."

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Nimefikiri sana tangu hapo. Chai isingemsafishia Sahra jina lake kwa wiki chache. Lakini Mama Sahra angelisema neno lile zito akiwa ameketi, mbele ya mtu mmoja anayemwamini, kwa wakati wake. Angeweza kumwambia binti yake nyumbani, kwa lugha yao, wakalia, wakapatana, kisha wakaamua pamoja nani aende. Nilimnyang'anya nafasi hiyo kwa sababu ya ofa iliyokuwa inakwisha jioni. Badala yake alifichuliwa mbele ya foleni, na Sahra akajifichua mwenyewe akitabasamu.

Kwa hiyo, ninyi mlio kwenye kazi hii, nisikieni. Bei nzuri ni sehemu ya kazi, nami nimeitafuta maisha yangu yote. Lakini msimfungie mtu tarehe kabla hamjamjua. Ulizeni karatasi imetoka lini. Ulizeni nani alimlea. Kaeni kimya baada ya kuuliza, maana jibu la kwanza huwa ni la adabu tu, na la pili ndilo lenyewe. Mkiona mtu ametazama kikombe chake kwa muda mrefu, msiangalie saa.

Macho ya Mama Sahra yalizimika kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Sahra tulimpeleka kwa wakili, akaandikwa kwenye orodha ya wanaotaka kuondolewa kwenye vitabu vya wakimbizi. Wapo wenzake waliokwisha kusafishwa majina. Yeye bado. Anafundisha watoto duksi, yaani chuo cha Kurani, kazi isiyomdai kitambulisho, na watoto wanampenda.

Safari yenyewe tulikwenda, watu wanane na mimi. Siku moja kabla ya kuondoka, Sahra alinijia ofisini na ujumbe wa mama yake. Baba wa Mama Sahra alikuwa akisema kwamba ukuta wa Harar ni mrefu kiasi kwamba mtu akikaa juu ya ngamia na kunyoosha fimbo, fimbo haifiki juu. Mama alitaka kujua kama ni kweli. Nilimwuliza imekuwaje mama akaomba hilo, maana tangu siku ile ya ugomvi hakuwa ametaja safari. Sahra akasema alilitoa ghafla wakati wa kula.

Basi asubuhi ya tatu Harar, wakati walimu wangu wakinunua vikapu vya rangi kwenye nyumba za kale, mimi nilitoka nje ya mlango mmoja wa mji kutafuta ngamia. Kulikuwa na Msomali wa upande ule aliyeleta kuni. Nikamweleza kwa Kisomali changu cha sokoni, naye akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. Nilipomwambia ni kwa ajili ya mama anayepoteza macho, hakuuliza tena. Alishusha kuni zote, akampanda ngamia, akamsogeza mpaka ukutani, akanyoosha fimbo. Watu walisimama kutazama. Fundi cherehani mmoja aliacha kushona kabisa.

Niliporudi Garissa, nilikwenda kwao siku ya pili, hata nguo nilikuwa sijafua. Walinipokea kwa chai na buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli, kama Wasomali wanavyompokea mgeni wanayemheshimu. Nilitoa simu yenye picha. Mama Sahra aliisogeza karibu na uso, akaigeuza, kisha akanirudishia.

"Wacha bicha. Niambie na mdomo."

Nikamwambia. Nilimwambia vichochoro vyembamba ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, na katika kugeuka huko wanasalimiana. Nilimwambia kuta zilizopakwa nyeupe, kijani na waridi, na mafundi wanaoshona barabarani. Nilimwambia harufu ya kahawa inayokaangwa asubuhi mpaka unaisikia kwenye nguo. Nilimwambia sauti za watoto wakisoma Kurani ndani ya nyumba usiyoiona. Aliposikia hilo alifumba macho, akafuata kwa midomo bila sauti.

"Na ukuta?"

Nilikuwa nimejiuliza njia nzima kama nimdanganye. "Fimbo ilipita juu, mama. Ilipita kidogo."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya benchi. "Baba alikuwa kijana mdogo," akasema. "Kila kitu ilikuwa refu." Akacheka tena mpaka Sahra naye akacheka, na mimi nikafikiri kwamba pengine tumevuka.

Sahra ndiye aliyeuliza, akiwa anakusanya vikombe.

"Anti, pale uwanja wa ndege, ukitoka Kenya, wanauliza nini?"

"Wananiuliza naenda kufanya nini."

"Ukasema?"

"Nikasema natembea."

"Halafu?"

"Wakagonga muhuri."

Akabaki ameshika vikombe. Miaka mitatu kabla ya hapo, alipokwenda kuomba kitambulisho mara ya kwanza, wazee wa kumhakiki, wale wanaoamua kama Msomali ni Mkenya kweli, walimwambia alete na kitambulisho cha babu yake, yule aliyesoma Harar. Mama yake alikuwa amekichimbua kutoka kwenye sanduku, kimekunjika, na wakakitazama, kisha wakamwambia angoje.

"Cha babu yako hawakukuuliza?" Sahra akasema.

Babu yangu mimi alikufa Mwingi bila kuwa na karatasi yoyote, na hakuna mtu katika maisha yangu yote aliyewahi kuniuliza habari zake. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka dakika ile, nimeketi kwenye mkeka wa watu, nimekula buni zao, vumbi la Harar bado liko kwenye viatu vyangu pale mlangoni. Niliona aibu kuliko siku ile ya foleni.

"Hapana, Sahra," nikamwambia. "Hawakuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka na vikombe, tukamsikia nje akiviosha.